Utani Usiojibiwa

Marahaba, wanangu. Naitikia kabla hamjaniamkia kwa sababu mnasoma haya nami sipo, na sipendi mazungumzo na mtu wa umri wangu yaanze huku salamu inaning'inia. Sasa kaeni. Na wewe uliyeajiriwa juzi kwenye shirika la hisani, ukapewa fulana yenye nembo na kishikwambi cha kuulizia watu maswali, sogea karibu zaidi. Haya ni yako hasa.

Mimi ni Hadija, Mnyaturu, na nimezeekea kazi ya uhamasishaji jamii. Shirika letu lilikuwa dogo, ofisi yake ni nyumba ya kupanga pale Mwankoko, Singida, yenye uzio wa minyaa na choo ambacho mlango wake ulifungwa kwa kamba. Tulisaidia vijiji kuchimba visima. Mafundi walikuja na mitambo yao, lakini kabla yao nilitangulia mimi, nikaelewane na watu kisima kikae wapi, nani ashike ufunguo, na bibi mjane asiye na kitu achoteje maji bila kuaibishwa. Wengi wenu mnadhani kazi hii ni kuongea. Nami nilidhani hivyo, hadi nilipofundishwa kunyamaza na Lazaro.

Lazaro alikuwa mhamasishaji wa miaka mingi kunizidi, Mgogo wa upande wa Manyoni, mrefu, mwembamba, mwenye koti moja la kahawia la kiangazi na masika. Kila alipotaka kusema jambo alikohoa kwanza, kama mtu anayebisha hodi. Mgogo na Mnyaturu ni majirani wa tangu zamani, na ujirani ule umezaa utani. Siku yangu ya kwanza kazini alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndara, akakohoa, akasema, "Shirika limekosa watu mpaka linaajiri Wanyaturu? Haya, ila huyu asipike mlenda hapa ofisini. Tutaumwa." Nikamjibu kwamba mlenda wa Kigogo huvutika kutoka Manyoni hadi Itigi bila kukatika, mlaji anakula huku anaukimbiza. Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akanipa mkono, na tangu hapo nikawa na mwalimu.

Nilimpa kazi, masikini. Kijiji cha kwanza kukabidhiwa peke yangu kilikuwa upande wa Mgori. Nikaitisha mkutano, nikafika na bango langu la karatasi limekunjwa vizuri, nimejipaka mafuta hadi kwenye viwiko. Akaja mzee mmoja na mbuzi wake. Nikasubiri. Mbuzi wakachoka, wakaondoka, mzee akawafuata. Mtama na uwele vilikuwa vimeanza kukomaa, na kijiji kizima kilikuwa mashambani kinaamia ndege. Mtoto wa mkulima mimi, niliyekulia juu ya dungu nikipiga kelele kufukuza ndege, nilikuwa nimeajiriwa tu nikasahau. Nilipomweleza Lazaro hakunigombeza. Alisema, "Kwelea kwelea wanakusalimu sana. Wamesema mikutano kama ile uiitishe mara kwa mara."

Ndivyo alivyofundisha, kwa kukucheka usoni na kukusaidia pembeni. Wiki iliyofuata alinipeleka mwenyewe Mgori, akanionyesha jinsi ya kuzima pikipiki mbali na nyumba ili usiingie kwa watu na kelele zako, na jinsi ya kukubali togwa hata kama umeshiba. Somo kubwa kuliko yote alinipa siku ile ile. Mkutano, alisema, hauishi pale mwenyekiti anapoufunga. Watu wakishasimama, wanakung'uta vumbi kwenye kanga na kutafuta ndara zao, hapo mama mmoja atakusogelea, aongee habari za mvua, na katikati ya mvua akuambie kwamba mwenyekiti wa kijiji anataka kisima kikae uani kwake. "Daftari lifungue wakati wa mkutano, Hadija. Masikio yafungue wakati wa ndara."

Wanangu, vishikwambi vyenu ni vizuri, wala sivichukii. Sisi tulibeba karatasi zikaloa mvua. Lakini bado sijaona kishikwambi chenye nafasi ya maneno ya wakati wa ndara.

Niwaambie jambo moja zaidi la Lazaro, kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Baba yangu alipofariki, Lazaro alifika msibani mapema kuliko baadhi ya ndugu. Akaingia ndani, akatoka amevaa kanzu ya marehemu na kofia yake, akapita katikati ya waombolezaji akiiga mwendo wa baba, mguu wa kushoto ukiburutwa kidogo, akifoka kama yeye: "Nani kahamisha jembe langu?" Sijawahi kucheka na kulia kwa wakati mmoja namna ile. Halafu akaivua kanzu, akachukua sepetu, akaenda kuchimba kaburi na wenzake hadi likaisha. Huo ndio utani wetu. Anayekusema ndiye anayekuzika. Na ukipona leo, kesho unamsema yeye, hata awe na cheo gani.

Sasa, akaja meneja mpya. Jina lake silitaji, na alikotoka sikutaji, kwa sababu tabia ile haina kabila. Wala simpaki matope asiyostahili. Alijua kazi. Aliandika maombi ya fedha hadi wafadhili wakatufungulia mikono, tukapata gari la pili, na choo kikapata komeo. Alifungua kila mkutano kwa sala. Na alipenda kuchekesha, jambo ambalo mwanzoni tulilipenda, maana ofisi yenye kicheko si haba.

Ila vichekesho vyake vilikuwa vya njia moja. Alimwita mlinzi wetu jina la ugonjwa wake. Alimwiga mhasibu anavyogugumiza. Ukinuna, alikupiga begani akasema, "Utani tu jamani, sisi ni familia hapa." Na sisi watu wa Singida, tuliozoea kutaniwa tangu tunanyonya, tukaona haya kununia utani. Kwetu mtu anayechukia utani ni mtu aliyelelewa vibaya. Basi wenzangu wakacheka. Lazaro peke yake hakucheka. Alikohoa, asiseme kitu.

Mzigo wote ukaja kumwangukia Neema.

Neema alikuwa binti wa Ikungi, Mnyaturu mwenzangu, afisa mdogo kuliko wote pale. Mpole, mchapakazi, mwenye sauti ndogo ya kumlazimu mtu kuinamisha kichwa ili amsikie. Akina mama vijijini walimpenda kwa sauti ile ile. Mama yake alikuwa mgonjwa, na mshahara wa Neema ndio uliokuwa dawa na chakula. Siku moja tulirudi naye kutoka Mgori tumechoka hoi, akasinzia garini mdomo wazi. Meneja, aliyeketi kiti cha mbele, akampiga picha, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la ofisi na maneno, "Huyu ndiye mnayemlipa." Vikaragosi vya kucheka vikamiminika. Kuanzia hapo akamwita Mama Usingizi. Jumatatu kwenye kikao, sisi tumekaa, yeye alimwambia asimame hadi mwisho ili asilale. Jumatatu ile, na iliyofuata, na zilizofuata. Akimwuliza swali hadharani, alimkatiza kabla hajajibu na kuiga sauti yake. Gari likiwa limepaki tu, alimtuma Mgori kwa bodaboda kwenye tope, kisha akamcheka aliporudi na tope hadi masikioni.

Niliyaona yote hayo. Lakini kubwa zaidi nilisikia wakati wa ndara. Kikao kimekwisha, watu wametoka, Neema na mimi tuko kwenye lango tunasubiri jua lipungue. Akaongea habari za mvua. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Mama, siku hizi kila Jumatatu nikiamka natapika. Nimeenda hospitali, wanasema sina kitu."

Niliumia. Sina neno zuri zaidi ya hilo. Nilimtazama mtoto wa watu alivyokonda shingoni nikataka nirudi ndani nimshike yule bwana shati.

Sikurudi, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, maana hasira si mpango. Nilimwuliza kwanza yeye anataka nini. Akasema hataki kitu. "Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, mama. Nikisema, hapa sibaki, na huko kwingine nani atanichukua? Mameneja wa mashirika wanajuana." Nikamwambia siwezi kulibeba jambo lake bila ruhusa yake, kwa hiyo nitangoja. Usiwahi kumtetea mtu kwa kumburuta. Naye atakuwa ameonewa mara mbili.

Wakati nangoja nikajaribu njia ya kisasa. Tulikuwa na sanduku la maoni, zuri kabisa, limepakwa rangi ya bluu. Nikatumbukiza karatasi isiyo na jina, nikisema tu kwamba vikao vyetu vina maneno ya kuumiza watu. Jumatatu meneja akaisoma kwa sauti mbele yetu, akiigiza kilio. Kumbe ufunguo wa sanduku alikuwa anao yeye mwenyewe, kwenye shada moja na funguo za gari! Wanangu, kabla hujatumbukiza neno lako popote, uliza nani anafungua.

Wenzetu wengine walikisia kwamba ni mimi. Mmoja wao, mtu mwema kabisa, alinivuta pembeni. "Da Hadija, tusiharibu kazi ya Mungu. Wafadhili wakisikia watajitoa. Unajua ni wajane wangapi wanasubiri maji?" Neno lile lilininyima raha siku nyingi, kwa sababu halikuwa la kipumbavu. Kwenye kiwanda cha mtu ukionewa unajua unaonewa ili tajiri apate. Kwenye shirika la hisani unaonewa huku umeonyeshwa picha ya mtoto mwenye kiu, ukisema unaonekana wewe ndiye mwenye roho mbaya.

Nikampelekea Lazaro. Alikuwa anakaribia kustaafu, na kikohozi kimekuwa kirefu kuliko maneno. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Huyu bwana ametuibia kitu chetu. Amechukua utani, akaufanya kiboko."

Siku chache baadaye Neema mwenyewe alinifuata. Alisema mama yake amemwuliza kwa nini anakonda ilhali analipwa. "Sema, mama. Ila na mimi niwepo."

Basi nikampigia Mwenyekiti wa bodi, mwalimu mstaafu aliyekuwa akiishi Dodoma. Nilipiga mchana kweupe, Lazaro kando yangu, Neema kando yake. Nilimweleza niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyasikia kwa masikio yangu, basi. Kila nilipotaka kuongeza chumvi Lazaro alinikanyaga mguu. Yule mama aliniuliza, "Uko tayari kuyasema haya yeye akiwepo?" Mkataba wangu nao ulikuwa mikononi mwa meneja. Nikasema niko tayari. Akasema atakuja Jumatatu.

Alikuja, mwanamke mfupi mwenye miwani, akaketi mwisho wa meza. Meneja akafungua kwa sala, akamkaribisha kwa maneno matamu. Mwenyekiti akatazama meza yote, kisha akauliza, "Mbona binti huyu amesimama?"

"Aah, huyu!" Meneja akacheka. "Huyu ni Mama Usingizi, mtani wangu. Hapa ni utani mtupu, Mama Mwenyekiti. Watu wa huku bila utani hawafanyi kazi. Waulize."

Nikasimama. Sauti ilitoka nyembamba kuliko ya Neema. "Mama Mwenyekiti, shikamoo. Sisi utani tunaujua. Utani hujibiwa. Kama Neema ni mtani wake, basi Neema amjibu, hapa hapa, tucheke sote."

Meneja akafungua mikono, "Mjibu basi, Mama Usingizi!" Neema akafungua mdomo. Akaufunga. Vidole vyake vilishika mgongo wa kiti ambacho hakuruhusiwa kukikalia, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Mnaona? Hana la kusema," meneja akasema.

Hapo kikasikika kikohozi. Lazaro akainuka na koti lake. "Kwa kuwa mtani amekosa neno, niruhusuni nimsaidie. Bwana Meneja, juzi tulikupeleka Mgori ukateleza kwenye tope, ukaketi chini, pwaa! Akina mama wakaniuliza, 'Mzee, huyu ndiye mtambo mpya wa kuchimba visima?' Nikawaambia subirini, pengine maji yatatoka."

Mhasibu alicheka kabla hajajizuia. Mlinzi naye, pale mlangoni. Hata Mwenyekiti aliziba mdomo.

Meneja hakucheka. Uso ulimvimba, akapiga meza hadi kikombe kikapinduka. "Unajua unaongea na nani, wewe mzee? Nitakufukuza leo, kiinua mgongo utakisikia redioni! Mshenzi!"

Lazaro alimgeukia Mwenyekiti, akainamisha kichwa kwa heshima. "Mama, nimemtania mara moja tu. Binti huyu ametaniwa miezi."

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta polepole. Kisha akasema, "Neema, mwanangu, kaa."

Msidhani mambo yaliisha pale kama hadithi. Meneja alisimamishwa, bodi ikatuhoji mmoja mmoja, na wale waliokuwa wakituma vikaragosi vya kucheka wakamwaga ya moyoni mwao. Hatimaye akaondoka. Lakini mfadhili mmoja alisita, na kisima cha kijiji kimoja cha Ikungi kikachelewa hadi kiangazi kingine. Nilikwenda mwenyewe kuwaeleza sababu, sikutaka wadanganywe. Mama mmoja aliniambia wakati wa ndara, "Kuumia tumeumia, usiseme hatukuumia. Lakini na mimi nina binti anasoma, aje aajiriwe na watu kama ninyi." Nilimsaidia kujitwisha ndoo.

Neema mkataba wake ukaongezwa. Kutapika kukaisha, ila kusema hakukurudi haraka. Mtu akicheka chumba cha pili, aliruka. Lazaro akajipa kazi ya mwisho kabla ya kustaafu. Kila asubuhi alisimama mlangoni kwa Neema, akakohoa, "Mbukwa!" Hiyo ni salamu yao. Kisha akamtania jambo dogo lisilouma, juu ya mlenda wa Kinyaturu, juu ya baiskeli za Ikungi. Halafu akangoja. Alingoja kama mtu anayengoja chai iive. Neema alitabasamu, akainama, neno halikuja. Lazaro akaondoka akisema, "Haya. Nakudai jibu." Kesho yake akarudi. Hakumchoka. Hata siku ya kumuaga, tulipokuwa tunakula pilau ya kustaafu kwake, alimwambia, "Binti, naondoka na deni lako."

Nami nikastaafu baadaye. Nalima vitunguu na alizeti kidogo, naamia ndege, na mkutano wowote wa msimu huo siendi.

Mwaka huu Lazaro amefariki. Kifua kilimshinda. Tulisafiri kwenda kwao, upande wa Manyoni, wafanyakazi wa zamani na wapya, kwa gari moja, akiwamo Neema, ambaye siku hizi ndiye anayeongoza wahamasishaji. Tulifika, tukatoa pole, tukaketi mkekani. Msiba ulikuwa mzito, na watani wengine walikuwa bado hawajafika. Nikatazama nikamkosa Neema pembeni yangu.

Akatoka ndani ya nyumba amevaa lile koti la kahawia. Mikono ilimfunika vidole, pindo lilimfika magotini. Akapita katikati ya watu kwa hatua ndefu zile za Lazaro, akasimama, akakohoa kile kikohozi, kirefu, na uwanja mzima ukainua vichwa.

"Mbukwa!" akasema, na sauti ikafika hadi kwa wachimba kaburi. "Mzee, ulinidai jibu. Nimelileta. Mlenda wenu nimeuonja leo jikoni. Sasa ndiyo nimejua kilichokuua."

Mjane wa Lazaro alikuwa wa kwanza kucheka. Alicheka hadi wakamshika. Wazee wa Kigogo wakapiga makofi, wakamjibu, naye akawarudishia, neno kwa neno, huyu hajamaliza yule kapokea, na mimi nililia hadi kanga ikaloa.

Halafu Neema akavua koti, akalikunja vizuri, akampa mjane. Akajifunga kanga kiunoni, akaenda nyuma ya nyumba kuosha masufuria.